Nilimtuma Msemaji wa Mahari Akalie Kiti Changu

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili msihangaike kumtafuta mwingine, maana mimi nilishawatafuta wote nikawamaliza: walimu, simu, mashoga zake, mama yake, hata televisheni ya jirani. Jina langu silitaji. Bariadi si mji wa kujificha, na mimi nina duka la pembejeo. Watu wananunua kwangu dawa ya pamba, sitaki wakija wawe wananikagua usoni.

Kwanza mjue mimi ni baba wa namna gani. Mimi ni baba bora kabisa. Ushahidi nilikuwa nao: nyumba ya bati, watoto shuleni, ng'ombe kijijini, na nikiingia getini tu, nyumba nzima inanyamaza. Redio inapunguzwa. Mtu aliyekuwa anacheka anakumbuka ana vyombo vya kuosha. Miaka yote nilikuwa nikiamini ile ndiyo heshima, na nilikuwa nawasikitikia wanaume wenzangu ambao watoto wao wanaendelea kuongea wakiingia.

Nina mabinti wawili. Mkubwa nimwite Kabula, mdogo nimwite Limi, majina yao siyo hayo. Mimi basi ni Baba Kabula, ndivyo wanavyoniita dukani na kila mahali. Likumbukeni hilo jina, maana mimi nilikuwa naitikia kutwa nzima bila kumkumbuka mwenyewe.

Kabula alipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuwa ya kusikitisha, na kwa kuwa hakuwa na kazi akaanza kunijibu. Nikaona dawa yake ni mume. Kuna familia moja ya Migato, kule Itilima, watu wazuri, wana mifugo, wakatuma watu. Huku kwetu baba wa binti hasemi siku ya mahari. Baba anakaa pembeni anachokonoa meno, anajifanya mazungumzo hayamhusu, na kazi ya kusema anamwachia msemaji. Msemaji wa kata yetu ni Mzee Jilala.

Hata huyu nimembadilisha jina, lakini wa huku mtamjua tu. Ana koti la kaki, kofia ya pama, na fimbo anayoilaza juu ya magoti kabla hajafungua mdomo. Ukimwona Mzee Jilala anaingia kwenye boma lenye binti, majirani hawaulizi kuna nini. Wanauliza waoaji wanatoka wapi.

Siku ile Kabula aliitwa ukumbini akaulizwa kama wageni anawafahamu. Asubuhi nilikuwa nimemwambia wamekuja kusalimia tu. Akaangalia chini, akanyamaza, na Mzee Jilala akaupokea ule ukimya kwa niaba ya ukoo mzima kuwa ni ndiyo. Ng'ombe wakaja, binti akaondoka, nyumba ikatulia. Nilijipongeza sana.

Limi wakati huo alikuwa kidato cha kwanza. Alikuwa analala kitanda kimoja na dada yake tangu anaachishwa ziwa. Kwamba kitanda kile kilibaki na mtu mmoja, mimi sikuliona hilo kama ni jambo. Mimi niliona tumepata nafasi.

Basi Limi akaharibika. Ndivyo nilivyokuwa nasema, kaharibika, utadhani ni maziwa. Alianza kupigana shuleni. Akaanza kurudi ananuka pombe. Anaondoka na sare asubuhi, shule hafiki. Safari moja tulimkuta Maswa, maeneo ya Binza, kwa msichana mmoja muuza pombe, amelala kwenye mkeka na viatu miguuni. Nilimuuliza unataka nini hapa duniani. Akaniangalia, akafumba macho tena.

Nikaanza matibabu. Nilimchapa, akanyamaza. Nilimpeleka kwenye maombi, akasema amina na keshokutwa yake akampasua mwenzake mdomo. Shangazi zangu wakasema ni mambo ya kijijini, wakampeleka kwa mtaalamu akachanjwa, akarudi na dawa ya kuoga. Akaoga. Akalewa akiwa msafi.

Mwishowe shule ikasema tumpeleke kwa mshauri nasaha, la sivyo nafasi yake basi. Mshauri mwenyewe ni dada mdogo tu, wa kumzaa kabisa, na ofisi yake ina viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Nilimfikisha Limi pale kama ninavyomfikishia fundi pikipiki. Nikasema, "Dada, huyu hapa. Mwangalie tatizo liko wapi, nitampitia jioni."

"Karibu ukae, Baba Kabula," akasema.

"Nina watu dukani."

"Watasubiri. Mimi mtoto mmoja mmoja simtibu, baba. Wanaokula chungu kimoja wote wanakaa hapa."

"Lakini mimi siumwi."

"Sijasema unaumwa. Ila huyu akitoka hapa anarudi kwako, harudi kwangu."

Nikakaa, huku nikimwangalia mke wangu kwa jicho la kumuuliza huyu mtu tumemtoa wapi. Dada yule akaanza maswali yake. Akaniuliza, "Limi anaogopa nini?"

Nikajibu kwa fahari zangu zote, "Mimi."

Mke wangu akaangalia sakafu. Limi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu dada yake aondoke, na mimi nikaona kumbe tiba imeanza kufanya kazi. Dada mshauri hakucheka. Akauliza tena Limi anapenda chakula gani. Nikasema chipsi. Mke wangu akaninong'oneza kwamba Limi chipsi hali. Anayependa chipsi ni Kabula.

Simu yangu ikaita, nikatoka nje, na kusema kweli niliishukuru ile simu. Niliporudi wanaagana. Dada akasema kikao kijacho ndicho chenyewe, kila mtu atasema la moyoni. "Nakuhitaji wewe, baba. Wewe mwenyewe."

Limi akiwa mlangoni akamwambia, "Baba hatakuja."

"Atakuja," dada akamjibu. Aliniamini, maskini, na alikuwa hanijui.

Sasa sikilizeni akili ya baba bora inavyofanya kazi. Kikao kiliangukia siku ya mnada. Nilikuwa na madume ya kuuza, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kukaa kwenye kiti cha plastiki nikaulizwa mwanangu anapenda nini, nikakosa tena mbele ya mke wangu? Bora nipigwe pembe na dume.

Lakini pia sikutaka kiti kibaki wazi, ningeonekana sijali. Nikakuna kichwa. Hapa kwetu mwanaume akiwa na jambo zito hasemi mwenyewe, anatafuta mdomo. Na mdomo mzuri kuliko yote katika kata nzima naujua. Nikaenda kwa Mzee Jilala.

"Mwanangu huyu mdogo anasumbua," nikamwambia. "Kuna kikao mjini cha kumweka sawa. Nenda ukanikalie."

"Nikaseme nini?"

"Wewe tena, mzee? Sema vizuri tu."

Mzee alifurahi. Kwa kuwa namna ya kukaa kikaoni anaijua moja tu, akavaa koti lake, kofia yake, akachukua fimbo yake. Mimi sikumwambia mke wangu. Sikumwambia dada mshauri. Nikaenda zangu mnadani na moyo mwepesi, nimeshughulikia.

Yaliyotokea kule nilihadithiwa na mke wangu baadaye, na namwamini kila neno, kwa sababu alikuwa anaongea bila kuniangalia.

Walikaa, kiti changu kikiwa kitupu. Limi alikuwa anautazama mlango. Dada akaanza na mke wangu, akamuuliza nyumba ilibadilika lini. Mke wangu, ambaye miaka yote hiyo nilidhani hana la kusema, akasema, "Tangu Kabula aondoke, huyu halali. Usiku anakuja chumbani kwangu kama baba yake hayupo. Ananiuliza, mama, zamu yangu ni lini."

Hilo ndilo lililokuwa linamkula mwanangu. Siyo mashoga, siyo simu, siyo mambo ya kijijini. Alimwona dada yake akianza kunijibu, kisha akaona wageni, kisha kitanda kitupu. Basi akaona afadhali awe binti ambaye hakuna ukoo utakaomtaka. Alikuwa anajiharibia soko, mtoto wa watu, na mimi nikamwongezea viboko ili bidhaa irudi kwenye hali yake.

Limi alikuwa ameanza kulia, kile kilio cha kufunguka, na dada mshauri amesogeza kiti karibu yake. Ndipo fimbo ikasikika kwenye sakafu ya korido. Mlango ukafunguliwa. Mzee Jilala akavua kofia.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia dada kwa adabu zote. Akatazama viti, akaona kilicho wazi, akakaa. Akalaza fimbo juu ya magoti. Akasafisha koo, akaanza kama anavyoanza siku zote, "Sisi tumetumwa na baba wa binti."

Limi akasimama. Mke wangu anasema hakupiga kelele. Aligeuka akamwangalia mama yake, akamuuliza, "Na wewe ulijua, mama?"

Mke wangu hakujibu. Nilipomuuliza kwa nini hukumwambia mtoto kwamba si hivyo, akaniambia, "Ningemwambia nini? Hata mimi nilijua unamwoza."

Mwanamke niliyezaa naye, niliyekula naye, alimwona Mzee Jilala mlangoni akaamini kabisa kwamba mume wake anaweza kumwoza mtoto wa kidato cha pili katikati ya matibabu, bila kumwambia yeye mama yake. Na hakushangaa! Alikuwa ameshaanza kuwaza atamfungia vyombo gani.

Limi alitoka mlangoni akapotea. Mke wangu alinipigia simu. Niliikata, maana nilikuwa nakagua nundu ya dume la mtu, na dume lile lilikuwa zuri.

Siku zilizofuata sitazieleza kwa mbwembwe. Nilizunguka Bariadi, nikaenda Binza kwa yule muuza pombe, nikasimama stendi nikiwauliza makondakta. Mimi ninayenyamazisha nyumba, nilikuwa nalia barabarani mbele ya wateja wangu. Mtu ananiuliza, "Baba Kabula, vipi?" na kila nikiitwa hivyo nilitamani aniite jina lingine lolote.

Alikuwa Kalemela, Busega, kwa mama yake mdogo anayefanya biashara ya dagaa. Shemeji alimpigia dada yake, mimi hakunipigia. Nikawasha gari nikaenda.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameinama anageuza dagaa juu ya chandarua, amejifunga kanga ya shemeji, amekonda. Nikaita, "Limi, ng'wanone." Ndivyo mama yangu alivyokuwa akiniita mimi, mwanangu, na nadhani Limi hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Akainuka, akaingia ndani.

Nikataka kumfuata. Shemeji akatoka na kigoda, akakiweka nje, katikati ya mlango na mimi.

"Karibu, shemeji. Kaa hapo. Sema na mimi."

"Nimekuja kusema na mwanangu."

"Najua. Mimi ndiye nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Na binti," akasema, na hakutabasamu.

Nikakaa kwenye kigoda, jua linachoma, inzi wa dagaa wananizunguka. Shemeji akaingia, akatoka. "Anauliza, wameshaleta ng'ombe?"

Nikasema hakuna ng'ombe, hakuna mume, hakuna wageni, mzee yule nilimtuma tu akanikalie. Niliposema mwenyewe kwa sauti, nikasikia jinsi linavyosikika. Shemeji akaingia, akakaa sana, akatoka. "Anasema hata Kabula ulimwambia wamekuja kusalimia."

Nilikaa pale mpaka dagaa wakaanuliwa, nikiuambia ukuta wa nyumba ile kwamba nimekosa. Niliondoka peke yangu.

Dada mshauri nilimwendea mwenyewe, bila kuitwa. Nilitegemea anifokee, nilikuwa nahitaji mtu wa kunifokea. Akasema tu, "Tunaanza upya, baba. Lakini kuna kiti kimoja tulikisahau tangu mwanzo. Cha Kabula."

Nikaenda Migato. Sikuwahi kwenda tangu harusi, kazi nyingi mnajua. Kabula alinipokea vizuri mno. Akaleta kiti, akaleta maji, akapiga magoti akanisalimia kama anavyosalimiwa afisa wa serikali. Mgongoni ana mtoto ambaye mimi ndiye babu yake, na mtoto aliponiona akalia kama watoto wanavyowalilia wageni.

"Baba, umekuja na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu."

Akachungulia njia niliyotoka nayo, akahakikisha hakuna mtu anayekuja nyuma. Ndipo akakaa.

Akaja kikaoni na mume wake, kijana mpole kuliko ninavyostahili. Kabula akasema maneno machache, "Mimi sikuulizwa." Mume wake akashtuka, akasema yeye aliambiwa ameulizwa. Wote wakaniangalia. Nimeshawahi kuuza mbegu zisizoota, wakulima wakaja dukani na majembe, lakini sijawahi kuangaliwa vile.

Mzee Jilala naye nilimwendea, nikamwambia alichoniharibia. Ndiyo, mpaka hapo bado nilikuwa natafuta wa kumbebesha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe hukunituma neno. Ulinituma koti." Akaniambia pia kwamba tangu siku ile haanzi kusema kwa mtu mpaka kwanza amemsikia binti mwenyewe. Baadhi ya wazee wamekasirika, wanasema anachelewesha mambo.

Sasa hivi mambo yako hivi. Limi anaishi Kalemela kwa mama yake mdogo na amehamia shule ya huko. Pombe ameacha, sijui kama ni moja kwa moja, na dada mshauri ameniomba nisimuulize kila anaponiona. Siku ya kikao wanapanda basi na shemeji wanakuja Bariadi. Tunakaa duara, mimi nakaa kwenye kiti changu, na Limi anakaa karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono namgusa.

Hanisemeshi. Anamwambia shemeji, "Mwambie baba asinitumie nguo." Shemeji ananigeukia, "Anasema usimtumie nguo." Mimi nimesikia, nina masikio, lakini nasubiri nitafsiriwe. Mara ya kwanza nilimwangalia dada mshauri nikitegemea atamkanya. Akasema, "Mwache. Hata wewe ulikuja na msemaji."

Miezi imepita hivyo. Nimejua kwa njia hiyo kwamba mwanangu anapenda michembe, viazi vilivyokaushwa, kwa karanga, anaogopa radi, na anataka kusomea mambo ya mifugo. Haya yote yalikuwa yanapatikana nyumbani kwangu bure, kama ningekuwa naingia bila watu kunyamaza.

Kikao kilichopita, nikiwa nazungumza na kutupa mikono kama kawaida yangu, nikasikia sauti, haikupitia kwa shemeji.

"Baba, toa mguu. Unakanyaga kanga yangu."

Nikatoa mguu. Shemeji akaangalia dirishani. Mke wangu akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Mimi nilipoteza kabisa nilichokuwa nasema, nikabaki nimeinua ule mguu hewani kama mjinga, kwa hofu kwamba nikiushusha vibaya atarudi kwa msemaji wake. Na alirudi. Mpaka tunaagana hakunisemesha tena.

Sasa nyie akina baba bora wenzangu, ambao nyumba zinanyamaza mkiingia, nawaomba mnisikilize. Mtoto akikushinda usimpeleke mahali ukamwacha akarekebishwe wewe ukienda kwenye shughuli zako. Ukiitwa, nenda. Usitume kaka, usitume shangazi, usitume mzee mwenye mdomo mtamu. Nenda na mdomo wako huo huo usiojua kusema, ukakose majibu mbele ya watoto wako. Aibu yake ni ya mchana mmoja. Mimi niliikwepa, na sasa mwanangu ni mgeni anayekuja kwa basi.

Wiki ijayo kikao kimeangukia tena siku ya mnada, na nina madume mazuri kuliko yale ya mwanzo. Nimeshaongea na Mzee Jilala. Atanikalia mnadani.